Bendera ya Baiskeli ya Mwisho

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2024, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, nilikabidhiwa bendera nyekundu mbele za watu nikapigiwa makofi. Saa tano na nusu siku hiyohiyo sikuwa na mke. Mambo yote yako katikati hapo, na wenye ofisi zao wanataka niyasahau.

Mimi ni Isihaka, fundi baiskeli wa Handeni mjini. Shule niliishia darasa la nne, lakini baiskeli naijua. Ikipita nyuma yangu nikasikia cheni inavyolia, najua meno yameisha wapi bila kugeuka. Mke wangu Mwantumu alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi, kule juu mlimani Korogwe. Nilimpata miaka ile ya ujenzi wa barabara. Yeye alikuwa anawauzia vibarua mihogo ya kuchemsha, mimi nilikuwa mshika bendera.

Kazi ile, kwa asiyeijua, iko hivi. Upande mmoja wa barabara umechimbwa, magari yanapita kwa zamu. Mshika bendera wa huku hamwoni mwenzake wa kule. Basi gari la mwisho linapewa kijiti. Kijiti kikifika kwa mwenzako, anajua njia ni nyeupe, anafungua upande wake. Hakijafika, hafungui, hata aje nani. Miaka miwili tulifanya kazi hivyo na hatukugonganisha hata gari moja. Nilikuwa najivunia. Mtu wa darasa la nne hana mambo mengi ya kujivunia.

Mwaka huo wa 2024 ikaja ziara. Kamati ya Ziara ya Nyika na Milima, ndivyo walivyojiita. Waendesha baiskeli ishirini na sita, wazungu na watu wa Dar, siku saba, kutoka Handeni mpaka Korogwe, halafu wapande mlima wa Kwashemshi na kuvuka upande wa pili. Wakubwa walisimama jukwaani wakatuambia utalii sasa utamfikia kila mwananchi. Haya, mimi umenifikia.

Waliniita kwenye kikao kwa sababu walitaka fundi wa kutembea nyuma ya msafara. Mratibu alikuwa Bwana Sadala, mtu wa suti na simu mbili. Shida yao kubwa ilikuwa ule mlima. Barabara nyembamba, kona juu ya kona, na kwenye kona hizo simu hazishiki. Watafunga njia kwa kamba juu na chini, hilo walikubaliana. Lakini mwenye kamba ya juu atajuaje kwamba baiskeli zote zimepita? Mmoja akataka redio za kuagiza Dar. Mwingine akafungua kompyuta. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa mratibu, tumieni kijiti."

"Kijiti gani, mzee?"

Nikawaeleza. Baiskeli ya mwisho ibebe bendera nyekundu. Kamba ya juu isifunguliwe mpaka bendera ifike. Na nikaongeza mwenyewe, hakuna aliyeniuliza: bendera isipande gari wala pikipiki. Kwa sababu ikipanda pikipiki itafika kabla ya wale walioko nyuma, magari yataachiwa kuteremka, yatawakuta watu kwenye kona.

Bwana Sadala akapiga meza. "Mnaona? Huyu hana digrii, lakini amewashinda nyie mliokuja na kompyuta!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Likaandikwa kwenye karatasi kama kanuni, likapigwa mhuri. Wakubwa hawa hawajawahi kuandika neno langu lolote, wakachagua hilo.

Wiki hiyo Mwantumu alikuwa kwao Kwashemshi na binti yetu Yusra, mtoto wa miaka mitano, wamekwenda kumsaidia Bibi Tatu, mama mkwe wangu, kuvuna maharage. Ijumaa jioni, tulipofika Korogwe kutoka Handeni, nilimpigia.

"Unapiga maharage?" nikamwuliza. Mwantumu alikuwa na pumu, na vumbi la maganda ya maharage halikuwa rafiki yake.

"Napiga kidogo. Mama peke yake hawezi."

"Dawa ya kuvuta unayo?"

"Imebaki kidogo. Acha kunihesabia pumzi, baba Yusra. Wewe kesho ukipita na bendera yako, nitasimama pale kwenye kamba nikuone. Wasiniambie mume wangu alipita nikiwa shambani."

"Uvae vizuri basi."

"Kwani wewe umeambiwa uvae nini?"

"Fulana ya kamati. Imenibana tumbo."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikakata simu nikiwa nafurahi.

Asubuhi ile tuliondoka Korogwe na baridi kidogo. Mikonge tukaiacha nyuma, tukafika mguu wa mlima, kamba ya chini ikafungwa, Bwana Sadala akanikabidhi bendera, makofi yakapigwa. Kisha akaingia kwenye gari lake akatangulia juu. Na gari la wagonjwa la msafara likatangulia naye. Hilo liandikwe kwa wino mzito. Gari la wagonjwa lilitangulia, limepakia maji ya chupa na spika za muziki, likaenda kuwasubiri wageni wa heshima mahali pa chakula, kilomita nyingi ng'ambo ya mlima. Nyuma nilibaki mimi, na spana zangu, na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye fimbo kwenye keria.

Wa mwisho katika wageni alikuwa mama Edna, mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam, miaka karibu sitini, kofia ya kijani. Wenzake walitupotea kwenye kona ya pili. Yeye alikuwa ameweka nadhiri kwamba hatashuka kusukuma hata hatua moja. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kwenda kwa mwendo wake, na mwendo wake ulikuwa wa kobe aliyekula.

"Mzee Isihaka, mlima wenu huu hauna mwisho?"

"Unao, mama. Ila umekaa mbali."

"Nikishuka kusukuma utawaambia wenzangu?"

"Nitasema ulishuka kuwasalimia ng'ombe."

Akatazama huku na huku. "Ng'ombe wako wapi?"

"Hakuna."

Alicheka hadi usukani ukayumba, nikamshikia tandiko asianguke. Tukapanda hivyo, kona, pumziko, kona, pumziko. Migomba pembeni, maji yanateremka kwenye mitaro, ukungu unanyanyuka kutoka bondeni taratibu kama moshi wa jiko la mtu asiye na haraka. Ukigeuka, chini unaiona mikonge imepangwa mistari, na mbele zaidi nyika ya kwetu Handeni, kavu, ya rangi ya mkate, mpaka macho yanaishiwa. Barabara ile nilishaipita mara nyingi. Kila mara nilikuwa nimeinamia mzigo au nimeinamia shida. Siku ile ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza. Nasema kweli, nilikuwa na raha. Kwa raha hiyo nimewachukia wakubwa kuliko kwa kitu kingine, maana wao ndio walionipa.

Kama saa nne kasoro dakika kumi, tumebakiza kilomita nne tu kufika kamba ya juu, tulikuwa tumekaa kwenye kona moja pana, mama Edna anapiga picha. Pikipiki ikateremka. Alikuwa Loveness, binti wa kamati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, wanaomba mharakishe kidogo. Kuna gari pale kwenye kamba linalalamika."

"Magari yote hulalamika."

"Basi nipe bendera niitangulize mimi."

"Binti, kwenye kikao ulikuwepo? Bendera haipandi pikipiki."

"Najua mzee, lakini..." Akamtupia jicho mama Edna.

"Lakini nini?"

"Basi tu."

"Kawaambie wasubiri. Siku moja moja na wao wenye magari wawasubiri wenye baiskeli."

Mama Edna akapiga makofi. "Hapo umesema!"

Loveness akasimama kidogo, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pikipiki. Kisha akageuza akapanda. Mimi nikapewa biskuti na mama Edna nikala. Tukakaa pale kama dakika ishirini zaidi. Ndiyo, ishirini. Sikuwahi kuzitaja kwa mtu kabla ya siku nitakayoisema mbele.

Tulifika juu saa tano na robo. Kona ya mwisho nilinyoosha mgongo, nikavuta fulana chini, nikaanza kumtafuta Mwantumu kati ya watu waliosimama pembeni. Niliona akina mama na kanga zao, nikaona watoto. Yeye sikumwona. Aliyeshika kamba alikuwa Keriako, Mmasai wa kule kwetu Handeni, mtu ambaye kamati ilimchukua kwa sababu akiambiwa simama hapa, anasimama. Alinijia mbio akaing'oa ile bendera kwenye keria.

"Imefika! Bendera imefika! Fungueni!"

Nyuma ya kamba kulikuwa na Probox nyeupe, milango imefunguliwa yote minne ili hewa iingie. Dereva wake, Hussein, alikuwa ameshaingia kwenye usukani. Kwenye kiti cha nyuma nikamwona Bibi Tatu. Halafu nikaona aliyemlaza mapajani.

Kanga yake ilikuwa bado na maganda ya maharage. Midomo imekuwa ya rangi ya jivu. Kila pumzi aliitafuta, akaipata nusu, akaitafuta nyingine. Dawa ya kuvuta ilikuwa mkononi mwake, tupu. Walikuwa pale tangu saa tatu na nusu.

Niliingia nikampakata miguu. Akafungua macho akaniona. Nikatafuta neno la kumwambia mke wangu, likaja hili: "Tumefungua."

Ndilo la mwisho alilolisikia kwangu.

Hussein aliteremsha gari kama kichaa, kuelekea hospitali ya Korogwe. Tuliipita ile kona pana. Kona tatu kabla ya barabara kubwa, Bibi Tatu alimwekea mwanawe kiganja kifuani, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hussein mwanangu, punguza mwendo. Hatuna tena tunakowahi."

Tulimzika Kwashemshi kesho yake kabla ya adhuhuri. Mama Edna aliacha ziara, akakaa na akina mama mpaka mwisho. Kamati haikuacha ziara. Ilileta watu wawili na mfuko wa sukari, na Bwana Sadala akaja akanishika bega.

"Mzee Isihaka, hii ni mipango ya Mungu."

"Mungu simwingizi," nikamwambia. "Yeye hakuwemo kwenye kikao."

Ukoo wa Bibi Tatu una desturi yao. Ukiwa umeoa kwao na mwenzio akafa, baada ya maziko unakaa katikati ya ndugu zake, unaeleza alivyokufa, toka mwanzo hadi mwisho, huku wanakuuliza. Wakiridhika, unachukua watoto wako unakwenda. Wasiporidhika, watoto wanabaki kwa bibi yao. Siyo adhabu, wanasema. Ni kwamba mtoto asilelewe na mtu mwenye maneno nusu.

Nilikaa katikati, nikasema wakubwa walifunga njia.

Bibi Tatu ni mwanamke mfupi, mkavu, haongei sana. "Wakubwa gani?" akauliza. "Mimi nilikuwepo. Nilimwambia yule binti wa pikipiki kwa mdomo wangu, nenda kwa mwenye bendera, mwambie kuna mgonjwa anakufa. Sikujua bendera iko kwako, nilijua wewe ni fundi tu. Akaenda akarudi, akasema tusubiri. Sasa alikwambia nini huko?"

"Aliniambia kuna gari linalalamika."

Watu wakaguna. Bibi Tatu akanitazama. "Mimi nimesema mgonjwa. Kwako limefika gari. Nani amelibadilisha?"

"Sijui, mama."

"Kajue. Ukijua, uje na jina uniambie yote. Yusra atakaa hapa."

Yusra alikuwa nyuma ya mlango, anasikia. Nilirudi Handeni peke yangu.

Ndipo nilipojua ofisi zetu zilivyojengwa. Zimejengwa kwa mabenchi. Unakaa kwenye benchi la kwanza, unaambiwa nenda la pili. Bwana Sadala nilimpata mara ya nne.

"Mzee, yalikuwa maelekezo," akaniambia. "Wageni wasishtushwe. Mgeni akisikia mgonjwa, mgonjwa, anaogopa, ziara inaharibika."

"Maelekezo ya nani?"

"Ya ngazi ya juu."

"Juu wapi? Pale juu kwenye kamba ulikuwepo wewe."

Akachukua simu moja, akaiacha, akachukua nyingine. "Leta barua."

Nikaandikiwa barua na binti wa jirani, nikaipeleka. Wakasema inafanyiwa kazi. Januari ikaja, wenzake Yusra wakaanza shule ya awali hapa Handeni. Kwangu sare ilikuwa imening'inia kwenye msumari, nilishaishonesha. Bibi yake akamwandikisha kule mlimani. Nikaambiwa na watu, siyo na yeye.

Keriako nilimpata mnadani, anauza mitamba. Akaacha wanyama wake akaja kunisalimia kwa mikono miwili.

"Keriako, kwa nini hukufungua? Ulimwona mtu anakufa."

"Nilimwona." Alikuwa anachora chini kwa fimbo. "Mzee, mimi niliambiwa bendera. Nikamwuliza yule wa suti, nifungue? Akasema kanuni ni ya mzee Isihaka, mwulizeni mzee Isihaka. Mimi nikasimama. Ningefungua gari likamwua mgeni kwenye kona, wewe ungesema nini?"

Akaniambia amemwekea Yusra ndama jike katika zizi lake, na alama ameshamtia. Nikamwambia asante, nikaondoka nikiwa na hasira zaidi, maana nilikwenda kutafuta adui.

Loveness alikuwa ameacha kazi ya kamati, yuko Korogwe kwenye duka la kutoa kopi. Aliponiona alisimamisha mashine.

"Mzee, nilijua utakuja."

"Nani alikwambia useme gari?"

"Walikuwa watu watatu wa kamati wamesimama. Mmoja akasema usitaje mgonjwa mbele ya mgeni. Mwingine akasema sema kuna dharura. Wa tatu akasema hiyo nayo itamshtua, sema gari tu. Ukiniuliza ni nani, kila mmoja ana kipande chake."

"Na wewe ulimi wako ulikuwa wapi?"

Machozi yakamtoka, lakini hakushusha macho. "Nilisema 'lakini'. Ukaniuliza lakini nini. Ningekuvuta pembeni nikakwambia. Najua. Kila siku najua. Ila na wewe mzee, ulikuwa umeshasema wasubiri kabla sijapata pumzi."

Nilitoka pale nikaubamiza mlango wa watu.

Mwezi Julai jibu la barua likaja, lina mhuri. Hakuna neno la Mwantumu ndani yake. Kamati inatambua mchango wangu katika usalama wa ziara iliyopita, ambapo hakuna mshiriki aliyepata ajali, na inanialika kushiriki tena mwaka huu kwa nafasi ileile. Nilimpa mtu anisomee mara tatu, nikidhani ananitania.

Nikaiweka mfukoni, nikapanda baiskeli yangu mwenyewe, isiyo na gia, nikalala Korogwe, alfajiri nikaanza mlima. Ilikuwa Jumapili. Magari yalikuwa yanapita juu na chini bila shida, kila gari likinipigia honi nikae pembeni. Hakuna aliyegongwa. Nilisukuma nusu ya njia, sina nadhiri na mtu. Ile kona pana wamesimamisha kibao kipya, rangi ya njano: ENEO LA KUPIGA PICHA. Chini yake vijana watatu walikuwa wanajipiga. Nilisimama mbali nao nikarudisha pumzi. Chini mikonge ilikuwa ileile, na nyika ya kwetu ileile. Mlima mzuri hauna aibu.

Bibi Tatu alikuwa uani, anapepeta maharage kwenye ungo. Yusra alikuja akaniamkia, "Shikamoo baba," akasimama kidogo, kama mtoto anayemwamkia mgeni. Amerefuka. Jino la mbele limeng'oka. Nilimletea ile sare ya Handeni, sijui kwa nini, imeshakuwa fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Yusra. Kaa. Umekuja na jibu?"

"Nimekuja nalo."

Akamwambia Yusra, "Kapange nguo zako kwenye mfuko. Baba yako akimaliza vizuri, mtakwenda wote." Mtoto akakimbia ndani. Nikamsikia anavuta sanduku.

Nikaeleza. Nilianza na wale watatu waliosimama na vipande vyao, nikaja kwa Bwana Sadala na ngazi yake ya juu, nikaja kwa gari la wagonjwa lililobeba spika. Nikamsomea barua, maana kwa wakati huo nilishaishika kichwani. Nilisema kwa hasira na nilisema vizuri. Bibi Tatu alipepeta, hakunikatisha. Nilipofika mwisho akaweka ungo chini.

"Hao nimewasikia," akasema. "Wana laana yao, watakula nayo. Sasa yule binti alipokuambia kuna gari, wewe ulimjibu nini?"

Kwa muda wa mwaka mzima kasoro mwezi hakuna aliyeniuliza swali hilo. Wakubwa hawakuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri. Ndugu hawakuuliza kwa huruma. Ningeweza kusema uongo. Mama Edna yuko Dar, na Loveness hawezi kupanda kule.

"Nilisema wasubiri," nikamwambia. "Nilisema siku moja moja wenye magari na wao wasubiri. Akaiomba bendera, nikamnyima. Halafu nikakaa dakika ishirini, nikala biskuti."

Kuku walikuja kwenye maharage, Bibi Tatu hakuwafukuza. Yusra akatoka na mfuko wa nguo, kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika, akasimama kizingitini akitutazama kwa zamu, anataka kujua kama avae cha pili.

"Sikujua ni yeye, mama. Wallahi ningejua ni yeye ningekimbia na miguu."

"Hilo naliamini. Mke wako ungemkimbilia, ungekuwa mtu gani usimkimbilie?" Alikuwa anamwangalia mtoto, siyo mimi. "Siulizi hilo. Tuseme yule binti angekufikishia neno langu kama nilivyomtuma, kuna mgonjwa anakufa, basi, bila kutaja jina, mwanamke tu wa watu usiyemjua, na wewe una kanuni yako na watu wanakupigia makofi. Ungempa bendera?"